Kuandaa mafunzo ya kazi shambani kwa wanafunzi wa sekondari wenye ulemavu: mwongozo kamili

Shule nyingi za sekondari za kata nchini Tanzania zina kipande cha ardhi, na watu wengi waliosoma humo wanalikumbuka shamba kama mahali pa adhabu: umechelewa namba, nenda kalime. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, kisha waone matunda ya kazi yao. Kilichobaki mahali pengi ni jembe bila somo. Kwa mwanafunzi mwenye ulemavu hali huwa mbaya kwa namna mbili. Ama anaachwa kivulini wenzake wakilima, kwa hoja kwamba atajiumiza, ama anapewa ufagio Kidato cha Kwanza na kumaliza nao Kidato cha Nne.

Sasa kuna nafasi ya kulirekebisha hili. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi, katika sekondari, na kilimo na ufugaji ni miongoni mwa fani zake. Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa sekondari, mwalimu wa elimu maalumu, mkuu wa shule au mzazi anayetaka wanafunzi wenye ulemavu wasiachwe nje ya mkondo huo. Nimeuandika nikiwaza hasa wenye ulemavu wa akili na usonji, kwa sababu hao ndio wanaoondoka shuleni mikono mitupu kuliko wote, lakini mengi yanawafaa pia viziwi, wasioona, wenye ualbino na wenye ulemavu wa viungo.

Msimamo wangu ni mmoja na utauona katika kila hatua: usianze na shamba. Anza na mahali ambapo kijana huyu atafanya kazi akishamaliza shule, kisha rudi nyuma hadi ulipo leo.

Hatua ya 1: Zijue kazi zilizopo karibu na shule

Chukua daftari uzunguke eneo ambalo mwanafunzi anaweza kufika kwa miguu au kwa nauli moja ya daladala. Andika kila mahali panapofanyika kazi ya kilimo au mifugo: vitalu vya miche na maua kando ya barabara, mabanda ya kuku wa mayai, bustani za mboga mabondeni, wanaouza maziwa, hoteli zenye bustani, na mashamba ya familia za wanafunzi wenyewe. Kila eneo lina soko lake. Kibaha na pembezoni mwa Dar es Salaam utakuta kuku wa mayai. Lushoto ni mboga na matunda. Arusha kuna mashamba ya maua na mbogamboga za kusafirishwa nje. Njombe siku hizi ni parachichi, na parachichi linahitaji vitalu na watu wa kujaza viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche.

Ukifika, usiulize, "Mnaweza kumwajiri mtu mwenye ulemavu?" Swali hilo hujibiwa kwa huruma au kwa hofu, na majibu yote mawili hayakusaidii. Uliza, "Ni kazi gani hapa zinachukua muda wenu mwingi, na zipi mnatamani zingefanywa kwa uangalifu zaidi?" Utatajiwa kazi ndogo ndogo: kujaza viriba udongo, kuokota mayai, kufunga mafungu ya mchicha, kupalilia kwa mkono, kuosha vyombo vya maji ya kuku, kupanga trei. Orodha hiyo ndiyo mtaala wako. Kazi isiyokuwa na mtu wa kuitaka hapo mtaani haina sababu ya kufundishwa miaka minne.

Familia usizisahau. Kwa vijana wengi mwajiri wa kweli atakuwa mama, mjomba au kaka mwenye banda au bustani. Nenda nyumbani, salimu, kaa, tazama kinacholimwa, halafu uliza mzazi angependa mtoto wake ashike kazi ipi. Mzazi aliyezoea kuambiwa mtoto wake hawezi anahitaji muda kabla hajakuamini. Mpe muda huo.

Hatua ya 2: Mjue mwanafunzi kwa kumtazama akifanya kazi

Faili la mwanafunzi linaweza kuandika "ulemavu wa akili" na likaishia hapo. Maneno hayo hayakuambii kama anaweza kusimama saa moja, kama anavumilia kelele za kuku, au kama akishika mche ataukunja. Kwa hiyo mjaribu kwenye kazi tatu au nne tofauti, kila moja kwa siku kadhaa, uandike unachokiona: anafuata maelekezo ya mdomo au anahitaji kuona? Anachoka baada ya muda gani? Nini kinamtisha? Ni kazi gani anairudia bila kuambiwa? Hilo la mwisho nalipa uzito mkubwa kuliko yote. Kijana anayerudi bandani mwenyewe wakati wa mapumziko ameshakuchagulia fani.

Mwulize naye. Asiyeongea anaweza kuchagua kati ya picha mbili, au kukuonyesha kwa kukushika mkono. Wanafunzi wetu wengi hawajawahi kuulizwa wanataka kazi gani, na mara za kwanza watajibu kile wanachodhani unataka kusikia. Endelea kuuliza.

Kwa mzazi, pata mambo ya afya mapema: kifafa na dawa zake, saa za kumeza dawa, matatizo ya moyo, pumu, mzio wa vumbi au manyoya. Yaandike kwenye karatasi ambayo mwalimu wa zamu atakuwa nayo shambani, isiyobandikwa ukutani kila mtu aisome.

Hatua ya 3: Tafuta watu wa kushirikiana nao

Peke yako hutaweza kwa muda mrefu. Mkuu wa shule akubali saa za shamba ziingie kwenye ratiba, zisiwe za kuazima. Bodi ya shule ikubaliane mapema kuhusu fedha zitakazopatikana. Afisa elimu maalumu wa halmashauri aarifiwe. Afisa ugani na afisa mifugo wa kata waje kukagua na kushauri; wengi hufurahi wakiitwa, kwa kuwa hawaitwi mara nyingi. Kama kuna mwanafunzi kiziwi, hakikisha anayefundisha shambani anajua Lugha ya Alama ya Tanzania au ana mkalimani, na ninyi wote mkubaliane alama za vifaa na kazi za shamba kabla ya kuanza. Majina ya kienyeji ya mboga mara nyingi hayana alama ambayo darasa zima inaijua, na viziwi wenyewe ndio watakaowaonyesha njia bora ya kuzionyesha.

Hatua ya 4: Chagua mradi unaorudia kazi zilezile

Hapa ndipo shule nyingi hupotea. Zina shamba, basi zinapanda mahindi. Mahindi ni chakula na sina ugomvi nayo, lakini kwa mafunzo ya mwanafunzi anayejifunza polepole hayafai. Sehemu nyingi hupandwa mara moja kwa mwaka. Mwanafunzi akifundishwa kupanda mwezi wa kumi na mbili, nafasi ya kujaribu tena ni mwaka unaofuata, na hapo keshasahau. Anayehitaji kuirudia kazi mara mia apewe mradi wenye kazi ya kurudiwa mara mia.

Kwa kuanzia napendekeza mitatu.

Kuku wa mayai. Mayai huokotwa kila siku, maji hubadilishwa kila siku, na chakula hupimwa kila siku. Hakuna sikukuu wala wikiendi, kwa hiyo panga zamu za likizo mapema. Kuku 50 wanatosha kuanzia. Kuku mkubwa wa mayai hula takribani gramu 110 hadi 120 kwa siku, yaani kuku 50 watakula kama kilo 6: kilo 3 asubuhi na kilo 3 jioni. Huna haja ya kumfundisha mwanafunzi kusoma mizani. Pima kilo 3 mara moja, mimina kwenye ndoo, funga utepe mwekundu pale chakula kilipofika. Kuanzia siku hiyo maelekezo ni mafupi: jaza hadi kwenye utepe.

Kitalu cha miche. Kujaza viriba au trei, kusia, kumwagilia na kupanga kwa mauzo ni kazi za kukaa, za kivulini, na zinazofanana siku hadi siku. Zinamfaa mwanafunzi anayetumia kiti mwendo, na zinamfaa mwenye ualbino kwa sababu ya kivuli. Mbegu ndogo zinamsumbua mwenye mikono inayotetemeka. Ncha ya njiti iliyoloweshwa maji huinua mbegu moja moja, na ikigusa udongo wenye unyevu mbegu hubaki.

Mboga za majani. Mchicha huanza kuvunwa baada ya wiki tatu hadi nne, kwa hiyo katika muhula mmoja mwanafunzi anaweza kupita kwenye kazi zote, kutoka kuandaa tuta hadi kuuza, zaidi ya mara moja. Chainizi na sukuma wiki huchukua muda mrefu kidogo lakini zina wateja wa uhakika.

Anza na mmoja, usimame vizuri, ndipo uongeze wa pili. Ng'ombe wa maziwa waache hadi mwaka wa pili au wa tatu, kwani uzito na mateke ya mnyama vinataka usimamizi wa karibu kuliko utakaoweza kuutoa mwanzoni.

Hatua ya 5: Tengeneza shamba linalofikika

Njia kuu iwe na upana wa sentimita 120, ya changarawe au udongo ulioshindiliwa, na mwisho wake pawe na nafasi ya sentimita 150 kwa 150 ili kiti mwendo kigeuke. Palipo na ngazi weka mteremko: kwa kila sentimita 10 za kupanda, urefu wa mteremko uwe sentimita 120. Mlango wa banda uwe na upana wa sentimita 90 au zaidi na usiwe na kizingiti.

Matuta ya kufikiwa kutoka upande mmoja yasizidi upana wa sentimita 60, na ya kufikiwa kutoka pande zote mbili yasizidi sentimita 120. Kwa asiyeweza kuinama, inua tuta kwa matofali au mabanzi hadi kimo cha sentimita 60 ili alifikie akiwa amekaa pembeni yake. Meza ya kitalu iwe na nafasi ya sentimita 70 chini yake ili magoti ya aliye kwenye kiti mwendo yaingie.

Kwa wasioona, funga kamba ya katani kwenye nguzo kimo cha kiuno, itoke stoo hadi bombani, hadi kwenye matuta. Kila njia panda piga fundo: moja matuta, mawili kitalu, matatu choo. Vifaa vyote vikae mahali pamoja pasipobadilika, na atakayehamisha reki bila kusema aelezwe waziwazi kwamba amemfungia mwenzake mlango.

Choo kiwe karibu, kinachofikika, chenye maji na mlango unaofungika. Wasichana hawatakuja shambani siku za hedhi kama choo kiko mbali au hakina faragha, na mahudhurio yao yakishuka kagua choo kabla hujalaumu bidii.

Hatua ya 6: Vunja kazi vipande vipande

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na hapa usikimbie.

Mtu mwenye uzoefu akiambiwa "okota mayai" anafanya vitendo kumi na zaidi bila kuvifikiria. Mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili husikia neno moja na hajui aanzie wapi. Kaa bandani, ifanye kazi mwenyewe polepole, na uandike kila kitendo. Mfano wangu wa kuokota mayai ni huu:

1. Vaa buti za bandani.
2. Chukua ndoo ya kijani na trei moja.
3. Gonga mlango kwa kidole, subiri kidogo, ingia, funga mlango.
4. Nenda kwenye kiota cha kwanza kushoto.
5. Weka mkono ndani taratibu. Kama kuku amelala juu ya yai, pitisha mkono chini yake.
6. Toa yai. Litazame.
7. Lililo zima na safi: weka kwenye trei, ncha iliyochongoka chini.
8. Lenye ufa au lililochafuka sana: weka kwenye ndoo ya kijani.
9. Nenda kiota kinachofuata hadi ufike cha mwisho.
10. Toka, funga mlango, weka komeo.
11. Peleka trei stoo, weka kwenye rafu yenye alama ya yai.
12. Nawa mikono kwa sabuni.

Kugonga mlango katika hatua ya 3 hufanya kuku wajue kuna mtu anaingia, wasiruke na kuvunja mayai. Kila hatua ipige picha, mikono iwe ya mwanafunzi mwenyewe ikiwezekana, uchapishe kadi kubwa na kuzifunika kwa plastiki. Zitundike bandani kwa mfuatano. Mwanafunzi akikwama, usimpe jibu. Mwambie, "Tazama kadi. Umefika wapi?" na unyamaze. Kunyamaza huko ni kugumu kwa sisi walimu, lakini kijana anahitaji sekunde hizo, wakati mwingine nyingi, ili akili yake ifike kwenye hatua inayofuata bila kusukumwa.

Mara nyingi ni vyema kuanza kufundisha kutoka mwisho. Fanya hatua ya 1 hadi ya 10 wewe, mwachie ya 11 na 12. Akizimudu, mwachie kuanzia ya 10. Kila siku anamaliza kazi kwa mkono wake, trei iko rafuni, na anaondoka akijua kazi imekamilika. Ukianza mwanzoni na kumsimamisha katikati kila siku, anajifunza kushindwa.

Weka vifaa vinavyobeba sehemu ya kumbukumbu. Ndoo yenye utepe ni kimoja. Kingine ni kamba ya kupandia: kwa sukuma wiki piga mafundo kila sentimita 45, nyosha kamba juu ya tuta, mche mmoja kila fundo. Asiyeona anapapasa fundo, mwenye ulemavu wa akili hahitaji kuhesabu, na mwanafunzi asiye na ulemavu naye atapanda mstari ulionyooka kuliko awali. Trei la mayai lenye matundu 30 linahesabu lenyewe: likijaa, limejaa.

Hatua ya 7: Fundisha, kisha punguza msaada

Mpangilio ninaoutumia ni kuonyesha, kufanya pamoja, kumwacha afanye nikiwa pembeni, kisha kumwacha afanye nikiwa mbali. Kwenye daftari la kila mwanafunzi weka orodha ya hatua na alama tatu tu: P amefanya peke yake, K amekumbushwa, S ameshikwa mkono. Alama zikikaa S kwa wiki nzima kwenye hatua moja, tatizo liko kwenye hatua yenyewe: huenda ni mbili zilizounganishwa, huenda komeo ni gumu kwa vidole vyake. Igawe au badilisha kifaa.

Kwa kiziwi, usiongee huku umeinamia tuta. Inuka, mtazamane, onyesha, kisha fanya. Kwa asiyeona, mwambie kabla ya kumgusa, na mara nyingi ni bora yeye aweke mikono yake juu ya yako kuliko wewe kumvuta yake. Kwa mwenye usonji, mwambie mapema mabadiliko yoyote ya ratiba. Siku ya chanjo ya kuku, kwa mfano, ionekane kwenye kalenda yake ya picha siku kadhaa kabla.

Chanjo yenyewe ni kazi nzuri ya kufundisha. Chanjo ya kideri aina ya I-2 hutolewa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mmoja anashika kuku, mwingine anadondosha, wa tatu anamtia kuku upande wa pili wa banda. Afisa mifugo awepo mara za kwanza. Watu wa mtaani wenye kuku wa kienyeji huhitaji huduma hii, na kundi la vijana wanaoijua vizuri lina kazi ya kuwapa jirani.

Hatua ya 8: Usalama

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza kazi hatarishi kwa walio chini ya miaka 18. Kupulizia viuatilifu ni kazi hatarishi. Wasipulizie, wasichanganye dawa, wasioshe mabomba, na wasiingie kwenye tuta lililopuliziwa kabla ya muda ulioandikwa kwenye lebo. Kwa bustani ya mafunzo ningependelea mboga zisizopuliziwa kabisa: majivu, matandazo, kubadilisha mazao na kuokota wadudu kwa mkono. Kuokota wadudu ni kazi ya makini ambayo vijana wengine huifanya kwa ustadi wa ajabu.

Mwenye kifafa asiwe peke yake karibu na kisima, bwawa, moto, ngazi au panga. Degedege likija, ondoa vitu vya hatari, mlaze ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, usimtie kitu mdomoni, na tazama saa. Likizidi dakika tano, au likirudi kabla hajapata fahamu, mkimbize hospitali. Wafundishe wanafunzi wote kwamba kifafa hakiambukizwi kwa povu, kwa sababu hofu hiyo imewafanya watu kukimbia badala ya kusaidia.

Mwenye ualbino asifanye kazi juani kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Hii ni kinga ya saratani ya ngozi, inayowaua vijana wetu mapema. Saa hizo awe kitaluni au stoo, na nje ya saa hizo avae kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Mafuta ya Kilisun yanatengenezwa Moshi. Ulizia kliniki ya ngozi au chama cha watu wenye ualbino namna ya kuyapata.

Kwa viziwi king'ora hakisaidii. Tumieni bendera: nyekundu ikipanda, wote wanasimama na kumtazama mwalimu.

Jambo lingine lisemwe wazi. Vijana wenye ulemavu, wasichana kwa wavulana, hunyanyaswa kingono kuliko wenzao, na shamba lina vichaka na stoo. Mtu mzima mmoja asikae peke yake na mwanafunzi mmoja mahali pasipoonekana. Mgeni, mnunuzi au fundi asiachwe nao. Kila mwanafunzi, hata asiyeongea, awe na njia ya kusema hapana na mtu anayemwamini wa kumwambia, na kadi ya picha ya kumsaidia kueleza.

Hatua ya 9: Fedha

Mradi usiouza haufundishi kazi. Tafuta wateja wa kudumu: walimu, mama ntilie, duka la mtaa, hosteli. Uza kwa bei ya soko. Mteja akinunua kwa huruma, kijana hajifunzi ubora, na mteja huyo hatarudi huruma ikiisha. Yai lenye ufa lisiingie kwenye trei, na fungu la mchicha lilingane na la sokoni.

Weka daftari moja lenye kurasa mbili: fedha iliyoingia, fedha iliyotoka. Lisomwe mbele ya wanafunzi na mbele ya bodi. Toa kwanza gharama za chakula cha kuku, mbegu na chanjo, tenga akiba ya msimu ujao, kisha kinachobaki sehemu yake iende kwa wanafunzi mkononi, kila wiki mbili, hata kama ni kidogo. Najua shule zina mahitaji mengi na kishawishi cha kununulia chaki ni kikubwa. Lakini kijana aliyelisha kuku mwaka mzima bila kuona shilingi amefundishwa kwamba kazi yake ni ya bure, na atakapotoka nje atakutana na wengi watakaokubaliana na hilo.

Malipo hayo ndiyo somo la hesabu. Mwenye ulemavu wa akili ajifunze kwa noti halisi: hii inanunua nini, ukitoa hii unarudishiwa ngapi. Aende dukani nanyi mkiwa nyuma, anunue, arudi na chenji.

Hatua ya 10: Mafunzo nje ya shule

Kidato cha Tatu kisipite bila kijana kukaa mahali pa kazi halisi, hata siku mbili kwa wiki. Rudi kwenye daftari la Hatua ya 1. Mpeleke mahali pamoja na kazi mbili tatu anazozimudu, na kadi zake. Siku za kwanza mwalimu au msaidizi akae naye, kisha apungue kidogo kidogo. Mfundishe pia mwenye mradi na wafanyakazi wake: msipige kelele, semeni jambo moja kwa wakati, mwonyesheni. Mara nyingi anayekwamisha ni mfanyakazi mwenza anayemcheka au kumfanyia kila kitu, kwa hiyo zungumza naye mapema.

Andikeni makubaliano mafupi: saa, kazi, chakula cha mchana, nauli, posho, na nani apigiwe simu. Safari ya kwenda na kurudi ifundishwe kama kazi nyingine, kwa hatua na picha: kituo, rangi ya daladala, nauli mkononi, pa kushukia. Kijana anayeimudu kazi lakini hawezi kufika kazini hana kazi.

Hatua ya 11: Kabla na baada ya kumaliza

Akifikisha miaka 18, msaidieni kupata kitambulisho cha NIDA, maana bila hicho laini ya simu, akaunti na mkopo vyote vinakuwa vigumu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kueleza masharti ya sasa na namna ya kuunda kikundi. Msiende na ombi tupu. Nendeni na daftari la mauzo la shule linaloonyesha vijana hawa wamefuga na kuuza nini, kwa muda gani, kwa faida gani.

Kwa wanaotafuta ajira, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Mashamba makubwa na viwanda vya kusindika vimo humo. Itajeni sheria kwa heshima, lakini tangulizeni rekodi ya kijana: alama zake za P, barua ya pale alipojifunzia, na video fupi akifanya kazi. Mwajiri akiona mikono ikipanga trei mia bila kuvunja yai, mazungumzo hubadilika.

Vikwazo vikubwa huja miezi ya mwanzo baada ya shule. Msimamizi mpya, zamu mpya, kijana anaacha. Shule iwe na mwalimu aliyepewa jukumu la kupiga simu na kutembelea kwa angalau mwaka mmoja, na nafasi ya kijana kurudi shambani kwa muda akipoteza kazi, ajipange upya. Wekeni daftari la waliomaliza: yuko wapi, anafanya nini, analipwa au halipwi, nini kilimshinda. Lisomeni kila Januari kabla ya kupanga mradi wa mwaka. Kama wanne wamekwama kwenye kuuza na hakuna aliyekwama kwenye kulima, ongezeni saa za kuuza sokoni na punguzeni saa za jembe.